Khabari za Bibi Asmau, Binti wa Sheikh Uthman bin Fodio

Bibi Asmau ni binti wa Sheikh Uthman bin Muhammad Fodio, mwanachuoni mkubwa wa Kifulani aliyeihuisha dini katika nchi za Hausa, ambazo leo ni upande wa kaskazini wa Nigeria. Watu wa huko humwita Nana Asmau, na neno Nana kwao ni la heshima, kama watu wa pwani wanavyosema Mwana Fulani au Bibi Fulani. Alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel, ndani ya mipaka ya ufalme wa Gobir. Mama yake ni Maimuna, mmoja katika wake wa Sheikh. Alizaliwa pacha pamoja na ndugu mwanamume, naye akaitwa Hasan.

Ada ya nchi ile, pacha wa Hasan akiwa mwanamke hupewa jina linalofanana na la nduguye. Sheikh hakuifuata ada hiyo. Alimwita Asmau kwa jina la Bibi Asmaa binti Abubakar Siddiq, yule aliyempelekea chakula Mtume (s.a.w.) na baba yake pangoni katika safari ya Hijra, akapasua mshipi wake vipande viwili apate kufungia masurufu ya njiani. Siku aliyopewa jina hilo Degel haikuwa na hijra wala vita. Palikuwa na wanavyuoni na wanafunzi wao, na mashamba ya mtama, na ng'ombe. Miaka kumi na moja baadaye watu walilikumbuka jina lile wakastaajabu, na wako waliosema kuwa Sheikh alikwisha kuonyeshwa.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya ilmu kwa upande wa wanaume na kwa upande wa wanawake pia. Sheikh Uthman mwenyewe hutajwa kuwa darasa zake za mwanzo alizipata kwa mama yake Hauwa na kwa nyanya yake Rukayya, kabla hajakaa mbele ya sheikh yeyote mwanamume. Basi mtoto mwanamke katika nyumba hiyo hakuachwa afunzwe kutwanga na kupika peke yake. Asmau alisoma Kurani akaihifadhi, akasoma Kiarabu, na fiqhi ya madhehebu ya Imamu Malik ambayo ndiyo ya watu wa huko, kama ya Imamu Shafii ilivyo kwa watu wa pwani. Akaingia katika njia ya Kadiria kwa kuwafuata wazee wake. Juu ya Kiarabu alikuwa na Kifulani, lugha ya nyumbani, na Kihausa, lugha ya sokoni na ya watu wengi, na lugha ya Watuareg wa jangwani. Lugha hizi za nchi wanavyuoni wa kule walikuwa wakiziandika kwa herufi za Kiarabu, sawa na Kiswahili kilivyoandikwa Lamu na Mombasa. Dada yake Khadija naye alikuwa mwanachuoni, hata akakitia kitabu cha Mukhtasari wa Khalil, ambacho ni msingi wa fiqhi ya Kimaliki, katika Kifulani, ili wapate kukielewa wasiojua Kiarabu.

Jambo la kusomesha wanawake halikukubaliwa na wote. Kabla Asmau hajazaliwa, Sheikh alikuwa akizunguka miji akiwaidhi, na wanawake wakihudhuria darasa zake wakiwa wametengwa upande wao. Mwanachuoni mmoja, Mustafa Gwani, akamletea mashairi ya kumlaumu, akimtaka awakataze wanawake wasije, kwa kuwa kukusanyika kwao na wanaume ni uharibifu. Sheikh akamwamrisha ndugu yake mdogo, Abdullahi, amjibu. Abdullahi akajibu kwa mashairi kama yale, na hoja yake ilikuwa fupi: ubaya wa kukusanyika upo, lakini ubaya wa kuwaacha wanawake katika ujinga ni mkubwa zaidi, na sharia hubeba dhara ndogo ili kuondosha dhara kubwa. Baadaye Sheikh aliandika mwenyewe, katika kitabu chake Nur al-albab, maneno makali juu ya wanavyuoni wanaowafunza wanafunzi wao usiku na mchana, ilhali wake zao, binti zao na watumwa wao hawajui hata namna ya kutawadha, wameachwa kama wanyama. Aliona kuwa mume hana haki ya kumzuia mkewe kuitafuta ilmu ya fardhi ikiwa yeye mwenyewe hamfunzi. Maneno haya hayakuandikwa na mtu aliyetaka kuvunja stara, kwani huyo huyo Sheikh ndiye aliyewakemea watu wa Gobir kwa kuacha stara.

Asmau basi alikulia ndani ya stara, na ndani ya stara hiyo hakukosa kitu. Alikuwa mtawa kama watoto wanawake wa nyumba kubwa za pwani walivyokuwa. Hakwenda sokoni wala kisimani. Watu aliowajua ni wake wa baba yake, dada zake, ndugu zake na wanafunzi wa nyumbani. Dunia nyingine aliijua kwa vitabu: Makka na Madina, Basra ya Bibi Rabia, Baghdad ya Sheikh Abdulkadir. Mtoto wa namna hii hudhani kuwa watu wote wanaishi kama watu wa nyumbani kwao, na kuwa kila mwanamke akitaka kuuliza mas'ala anaye baba au mjomba wa kumjibu. Miaka kumi Asmau aliishi katika dhana hiyo.

Wafalme wa Gobir waliona kijiji cha Degel kinakuwa ufalme ndani ya ufalme. Mfalme Nafata alitoa amri tatu: asisilimu mtu ila aliyerithi Uislamu kwa wazee wake, mwanamume asivae kilemba, na mwanamke asijitande ushungi. Alipokufa akamfuata mwanawe Yunfa, naye uadui wake ukazidi, hata ikawa hapana budi kuhama. Mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 1218 wa Hijra, yaani Februari 1804, Sheikh Uthman na jamaa zake waliondoka Degel kwenda Gudu, upande wa magharibi, mpakani mwa nchi ya Gobir. Mfuasi mmoja wa Kituareg alileta ngamia zake, na walichopakiwa ngamia hao ni vitabu. Watu walikwenda kwa miguu, wanawake na watoto pamoja. Asmau alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilala nje ya kuta za nyumba ya baba yake.

Gudu watu walimpa Sheikh mkono wa baia, akawa Amiri wao. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, katika vita vya Tabkin Kwatto, jeshi dogo la wanavyuoni na wafugaji lililishinda jeshi la Yunfa lenye farasi na deraya. Laiti vita vingeishia hapo. Lakini viliendelea zaidi ya miaka minne, na katika miaka hiyo jamaa ya Sheikh haikuwa na mji. Ilihama kambi kwa kambi, mara ikifukuza, mara ikifukuzwa. Kazi za wanawake zilikuwa kuteka maji, kutafuta nafaka, kupika na kuuguza majeruhi. Mtoto aliyekuwa hajafika kisimani alijua sasa uzito wa mtungi.

Ramadhani ya mwaka 1219, yaani Desemba 1804, ilikuja siku ya Tsuntsua. Watu wa Sheikh walishindwa vibaya karibu na Alkalawa, mji wa mfalme. Inatajwa kuwa waliokufa ni kiasi cha watu 2,000, na katika hao 200 walikuwa wamehifadhi Kurani kwa moyo. Afikiri msomaji maana ya hesabu hii kwa kijiji cha masomo. Wale walikuwa walimu na wanafunzi wakubwa, na watu ambao sauti zao za kusoma alfajiri ndizo zilizowalea watoto wa Degel. Ilmu ambayo haikuwa imeandikwa wala kufunzwa kwa mwingine ilizikwa pamoja nao siku ile. Asmau aliyaona hayo akiwa na miaka kumi na moja, na mtu akiyasoma maisha yake yote yaliyofuata, yaani haraka yake ya kuandika na kuhifadhisha, na kule kupenda kwake kutaja majina ya waliokufa, hawezi kuiacha nje khabari ya Tsuntsua.

Kiasi cha mwaka 1807, vita vingali vinaendelea, aliozwa. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Mume wake ni Uthman Gidado bin Laima, mwanachuoni, mkubwa kwake kwa miaka mingi, na rafiki wa moyo wa ndugu yake Muhammad Bello. Ndoa hii ilikuwa nusu ya bahati yake. Gidado hakuwa mtu wa kuona haya kwa kuwa mkewe anasoma. Yeye mwenyewe alikuwa mtunzi, akaandika juu ya maisha ya Sheikh na ya Bello, na nyumba yake ikawa mahala ambapo mume na mke waliandika wote wawili. Mume wa namna nyingine angeweza kuizima taa ile kwa neno moja, na sharia za kidunia zisingemzuia.

Nusu nyingine ya bahati yake ilikuwa ndugu yake Bello, aliyemzidi miaka kumi na miwili, mtu wa vita na wa vitabu kwa pamoja. Mwaka 1808 Bello aliuteka mji wa Alkalawa, na Yunfa akauawa. Watu wa Sokoto husimulia kuwa siku hiyo Asmau alimtupia nduguye kinga cha moto kutoka mbali sana, na kwa kinga hicho mji ukaunguzwa. Husimuliwa hivyo katika karama zake. Lililo thabiti ni kuwa mji ulianguka, na kuwa mwaka uliofuata, 1809, Bello alijenga mji mpya juu ya kilima, nao ndio Sokoto. Humo Gidado alijenga nyumba yake, na humo Asmau aliishi maisha yake yaliyobakia. Akarudi katika stara. Lakini aliyerudi hakuwa tena yule mtoto wa Degel.

Mwezi wa Aprili 1817 Sheikh Uthman alifariki. Bello akawa Amiri wa Waislamu, na Gidado akawa Waziri wake. Asmau akiwa na miaka ishirini na minne alijikuta ni binti wa marehemu Sheikh, dada wa Amiri na mke wa Waziri. Cheo hicho kilitosha kumkalisha juu ya zulia akihudumiwa mpaka kufa kwake. Ilikuwa rahisi pia kwake kubakia mwanachuoni wa ndani: asome kwa raha yake, ajibizane mashairi na ndugu zake, ahesabiwe fahari ya nyumba, basi. Wanawake wenye ilmu ya namna hiyo walikuwako katika nyumba nyingi kubwa, Sokoto na penginepo, na majina yao yamepotea.

Kilichomtoa katika raha hiyo kilikuja mlangoni. Vita vilileta mateka, na wengi wao walikuwa wanawake. Jambo hili si la kufichwa: dola ya Sokoto ilichukua watumwa wengi, kama dola nyingine za zama zile, na nyumba ya Waziri ilikuwa nao. Walikuwako pia wajane wa vita, na wanawake wa vijiji vya Kihausa vilivyotekwa, ambao jana walikuwa raia wa Gobir na leo waliambiwa kuwa ni Waislamu. Wanaume wao waliufuata Uislamu kwa upanga au kwa darasa za msikitini. Wao waliambiwa tu. Mama akiwa hajui kusali, mtoto wake amjifunzie nani? Mgonjwa wake alipolemewa alikimbilia mahala alipopajua, nayo ni bori, yaani mambo ya kupunga pepo, ngoma na kafara, ambayo wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mkubwa wa bori huko Gobir alikuwa mwanamke, akiitwa Inna, na cheo chake kilikuwa kikubwa hata mbele ya mfalme.

Hapo ndipo Asmau alipotambua lililomkosesha raha. Baba yake alikuwa amewalaumu wanavyuoni kwa kuwaacha wake zao kama wanyama. Nchi sasa ilikuwa mikononi mwa watu wa baba yake, na wanawake wa nchi walikuwa katika hali ile ile. Lawama iliyoandikwa kwa wengine ilikuwa imerudi nyumbani.

Mwaka 1820, akiwa na miaka ishirini na saba, aliandika Tanbih al-ghafilin, akifuata mafunzo ya baba yake, juu ya mambo yanayomwokoa mja na yanayomwangamiza. Kitabu hicho kinaonyesha kuwa ilmu yake ilikwisha kukomaa. Lakini kitabu hakimfikii asiyejua kusoma. Baada ya hapo kalamu yake iligeuka, akazidi kutunga kwa Kifulani na Kihausa, kwa beti, kwa kuwa beti hushikwa na masikio na kukaa moyoni. Alitunga shairi lililopanga ndani yake majina ya sura zote 114 za Kurani, ili mwenye kulihifadhi awe amezihifadhi. Alitunga juu ya tohara, sala, zaka na saumu, juu ya kiama, juu ya sira ya Mtume (s.a.w.). Watu wa pwani wanaijua njia hii, kwani tendi zilifanya kazi hiyo hiyo kwao. Na katika zama hizo hizo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa pwani ya Lamu alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Wawili hawa hawakujuana, na baina yao kulikuwa na upana wa Afrika nzima. Mmoja alimwandikia binti yake. Mwingine aliwaandikia wasiokuwa na mama wa kuwaandikia.

Hata hivyo beti peke yake hazitembei. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na aliye katika stara ya mumewe, hatatoka kijijini mwake kwenda Sokoto, na Asmau mwenyewe hatatoka kwenda kwake. Shida hii aliitatua kwa namna ambayo haikuvunja stara ya mtu hata mmoja. Aliwachagua wanawake watu wazima, waliopita umri wa kuzaa, na watoto wanawake ambao hawajafika umri wa kuozwa. Hao hawana lawama wakisafiri. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake, akiitwa jaji, mwanamke wa kuaminika katika kijiji chake. Wakaitwa 'Yan Taru, maana yake waliokusanyika pamoja. Walikuja Sokoto kwa makundi, njia nzima wakisoma beti, wakakaa kwa Bibi, wakasikiliza, wakauliza, wakahifadhi, wakarudi. Huko vijijini jaji aliingia nyumba kwa nyumba, akawafunza wale wasioweza kutoka. Ilmu ya ndani ikatoka kwa miguu ya wazee wanawake na kuingia ndani tena.

Kila jaji alipewa na Asmau kofia pana ya majani ya kusuka, iitwayo malfa, naye mwenyewe akiifunga kitambaa chekundu. Kofia hiyo haikuwa kitu kigeni, kwani ndiyo iliyovaliwa na yule Inna, mkubwa wa bori wa Gobir. Watu wenye wepesi wa kuhukumu wangesema ni kujifananisha na makafiri. Asmau aliona mbali kuliko hapo. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa akiiona kofia ile hujua kuwa anayeivaa ndiye wa kukimbiliwa wakati wa dhiki. Basi na aikimbilie, na chini yake amkute mtu wa kumfunza sala badala ya pepo. Hakuna amri ya upanga iliyofanya katika miaka ishirini lile lililofanywa na kofia hiyo.

Makundi hayakuja mikono mitupu. Walileta nafaka, siagi, asali na nguo, kwa kadiri ya walivyojaaliwa, navyo Asmau aliwagawia maskini, wagonjwa na vilema waliokuwa wakingoja. Nyumba ya Waziri ilikuwa chuo upande mmoja na baitulmali ndogo upande wa pili. Haya yote yaliendeshwa na mwanamke aliyekuwa na watoto wa kulea, mume mwenye kazi za dola, na wageni wasiokatika. Clapperton, msafiri wa Kiskoti, alipofika Sokoto mwaka 1824, aliyeshughulika naye kwa ukarimu ni Gidado.

Mwaka 1837 Bello alifariki. Msiba huu ulimvunja Asmau kuliko misiba mingine, nayo marithia aliyomtungia inaonyesha. Katika mwaka huo pia alitunga shairi lenye kuwataja wanawake wema, wake wa Mtume (s.a.w.) na masufii wa Basra na kwingineko, na pamoja nao akawataja wanawake wa jamaa ya Sheikh aliowajua mwenyewe. Mwaka 1839 alitunga safari nzima ya baba yake, tangu Degel na Gudu mpaka Sokoto, vita kwa vita, kwa Kifulani. Yale aliyoyaona kwa macho ya mtoto wa miaka kumi na moja aliyaandika akiwa na miaka arobaini na sita.

Sifa yake ilivuka jangwa. Mwanachuoni wa Mauritania, al-Haji Ahmad bin Muhammad al-Shinqiti, aliandikiana naye, na alipokuja Sokoto Asmau alimkaribisha kwa mashairi ya Kiarabu. Watu wa Shinqit ni wagumu kumsifu mtu kwa Kiarabu chake. Lakini mtu akiyatazama mashairi yake ya kuomboleza, huona kuwa wengi aliowalilia si wakubwa. Alimlilia Aisha, mke wa Bello, ambaye alikuwa rafiki yake tangu ujana, na alimlilia pia Hauwa, mmoja katika wale majaji wake, mwanamke wa kijijini ambaye asingetajwa popote kama Asmau asingemtaja. Kwa watu hao sifa alizozipanga ni za jirani mwema: aliyepatanisha waliogombana, aliyekwenda kwa wagonjwa, aliyelea yatima, aliyevumilia.

Gidado aliuacha uwaziri mwaka 1842, akaushika mwana wao Abdulkadir. Asmau aliendelea na kazi yake baada ya kufiwa na mume pia, mpaka mwaka 1864 alipofariki akiwa na miaka kiasi cha sabini. Alizikwa Sokoto, karibu na baba yake. Ndugu yake Isa, mwana wa mwisho wa Sheikh, aliyezaliwa baada ya baba yao kufa, alimtungia marithia, na mwaka uliofuata akalitia lile shairi la safari ya Sheikh katika Kihausa. Kazi ya 'Yan Taru akaishika dada yao Maryamu, na majaji hawakukatika.

Waingereza waliuteka Sokoto mwaka 1903, na dola ikaondoka. Karatasi za Asmau zilibakia katika nyumba ya mawaziri wa Sokoto, wazao wa Gidado. Waziri Junaidu, aliyefariki mwaka 1997, alizitunza, akamfungulia mlango mwalimu mmoja wa Kiingereza, Jean Boyd, akazikusanya na kuzifasiri. Mwaka huo huo wa 1997 zikatolewa katika kitabu kimoja pamoja na Beverly Mack, tungo zaidi ya 60. Katika kazi hiyo walikutana na wanawake wa Sokoto waliokuwa wakizisoma beti hizo kwa moyo, kama walivyozipokea kwa mama zao na nyanya zao. Karatasi zenyewe hawakuwa wamepata kuziona.